Drili ya Kazi za Mara Moja Moja: Jinsi ya Kuchagua Mashine za Umeme kwa Nyumba na Chombo Pwani ya Kusini

Mtu anayetaka drili ya kufungia rafu, kubadilishia bawaba za mlango na kurekebishia mashua yake mara mbili tatu kwa mwaka hupewa ushauri uleule anaopewa fundi: chukua yenye wati nyingi, chukua jina kubwa, usishike ya bei rahisi. Kwa fundi ushauri huo hauna kasoro, kwa sababu fundi huimaliza mashine kwa kazi. Wewe utaimaliza kwa kukaa nayo. Itazunguka labda saa kumi kwa mwaka mzima, na muda wote uliobaki itakuwa juu ya kabati Shangani mjini Mtwara, stoo Kilwa Masoko, au ndani ya sanduku la boti kule Msimbati, ikivuta hewa ya chumvi.

Mkulima wa korosho anaielewa hali hii kuliko muuza duka. Mashine ya kupulizia salfa hufanya kazi miezi michache katikati ya mwaka, kisha huwekwa. Ikitolewa msimu mwingine inakataa kuwaka, na mara nyingi injini haina tatizo: petroli imeganda kwenye kabureta na mipira imekauka. Drili na grenda za pwani hufa kifo cha namna hiyo. Ndiyo maana dukani swali la nguvu linaweza kusubiri. La kwanza ni hili: itakaaje miezi minane bila kuguswa, na siku ikikataa kuwaka, nani ataifungua na spea atazitoa wapi?

Kazi yenyewe inadai nini

Tuanzie kwenye kazi, maana nusu ya mashine zilizopangwa dukani huna shughuli nazo.

Nyumba nyingi za mjini Mtwara na Lindi siku hizi ni za matofali ya saruji, na juu ya madirisha unapita mkanda wa zege. Tofali hutobolewa na drili yoyote ya kawaida yenye nyundo, ya wati 600 hadi 750 hivi, ikiwa na biti ya ukutani yenye ncha ngumu. Kwenye mkanda wa zege mambo hubadilika. Nyundo ya drili ya kawaida ni vyuma viwili vyenye meno vinavyorukiana, pigo lake ni dogo, na mtu hulazimika kuiegemea kwa kifua mpaka mota inanuka. Mashine ya zege hasa, ile inayopokea biti zenye mifereji mkiani, zinazoitwa SDS, ina pistoni ndani inayobana hewa na kuisukuma nyundo igonge biti. Hapo mkono unaelekeza tu, kazi inafanywa na hewa. Ni mashine nzuri sana, na karibu hakuna mwenye nyumba anayehitaji kuimiliki. Mashimo manne ya kutundikia kiyoyozi ni kazi ya kuazima au ya kumwita fundi.

Nyumba za kale za Mikindani na Kilwa Kivinje, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zinataka kinyume chake. Zima nyundo kabisa, tumia mzunguko peke yake na kasi ndogo. Jiwe la matumbawe ni laini, lakini chokaa iliyolishika ni ya zamani, na mtikisiko wa nyundo huangusha plasta upande wa pili wa ukuta kabla hujaona tundu.

Sasa chombo. Mashua au dau la mbao linataka matundu kuliko kitu kingine chochote. Msumari wa chombo haugongwi kwenye mbao nzima. Hutangulizwa tundu jembamba kidogo kuliko msumari wenyewe, la sivyo mbao hupasuka, hasa karibu na ncha. Mafundi wa vyombo waliifanya kazi hiyo kwa kekee ya uta na wapo wanaoifanya hivyo mpaka leo. Kwenye mbao ngumu kama mkongo, kinachosaidia ni kasi ndogo yenye msokoto mwingi. Kasi kubwa huunguza mbao, biti inakuwa buluu na kupoteza makali. Hii ndiyo sababu ya kutafuta drili yenye gia mbili, au angalau swichi inayoongeza kasi taratibu kadiri unavyoibonyeza.

Kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za chombo, haina mashine. Pamba, mafuta, patasi butu na nyundo, basi. Mtu akikuuzia kifaa cha umeme cha kukalafatia, mshukuru na uendelee na safari.

Boti ya faiba ndiyo inayotaka grenda, kwa kuparua sehemu iliyopasuka mpaka kufikia nyuzi zilizo nzima kabla ya kubandika mkeka mpya na resini. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 au 125 inatosha. Weka diski ya msasa ya tabaka tabaka, namba 40 au 60, uipitishe kwa wepesi. Vumbi la faiba ni sindano za kioo: vaa barakoa ya kuchuja vumbi, kitambaa hakitoshi, na usiifanye kazi hiyo penye upepo unaoelekea kwa wanaoparua samaki. Na kwa kuwa tuko pwani, lisemwe wazi: grenda haishikwi na mtu aliyevaa msuli. Nguo inayoning'inia na kitu kinachozunguka mara 11,000 kwa dakika havikai pamoja.

Jigsoo, randa ya umeme na msumeno wa mviringo ninaziweka kando. Mbao tano za kupasua kwa mwaka zipeleke kwa seremala mwenye mashine ya meza; atazinyoosha kuliko utakavyoweza, na hutakuwa na mashine tatu zinazoota kutu. Mashine ya msasa ni ya mwenye boti ya faiba anayeipaka rangi mwenyewe. Wengine wote wanaweza kuishi bila hiyo.

Maji hayamsubiri mtu

Kuna jambo moja linaloifanya kazi ya chombo iwe tofauti na ya nyumba, na ndilo linalofanya uimara uwe na maana. Ukipweleza mashua ufukweni ili ufanye kazi chini ya mkuku, kati ya kujaa kumoja na kujaa kwingine hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Ukitoa muda ambao maji bado yako magotini, umebakiwa na saa tano au sita za kufanya kazi pakavu. Ukiwa umepandisha chombo juu kabisa kwa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, unasubiri bamvua lijalo ndipo kielee tena, yaani wiki mbili hivi. Drili ikizima wakati ubao wa zamani umeshang'olewa na mpya haujapigiliwa, hakuna duka la kukimbilia saa hiyo. Kwa sababu hiyo mwenye chombo anapaswa kuwa na kekee ya mkono au drili ya kuzungusha kwa mpini, hata awe na mashine za umeme za namna gani. Haina mota wala chaji, bei yake ni ndogo, na matundu ishirini kwenye mbao inayaweza.

Waya au betri

Drili ya waya ndani yake ni kitu rahisi. Umbo la bastola lenye swichi ya kidole lilipewa hataza Marekani mwaka 1917 kwa kampuni ya Black & Decker, na mpangilio wa ndani haujabadilika sana tangu hapo: mota, kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye armecha, yaani kiini cha mota kinachozunguka, gia, beringi na swichi. Kila kimoja kati ya hivyo fundi anaweza kukibadilisha kwenye benchi la mbao kwa bisibisi. Ikikaa miaka mitatu pakavu, ukaichomeka, inazunguka.

Betri haina subira hiyo. Lithiamu huzeeka hata isipotumika, na joto huharakisha kuzeeka kwake. Inazeeka haraka zaidi ikihifadhiwa imejaa kabisa, na inaweza kufa moja kwa moja ikiachwa tupu: chaji hushuka polepole mpaka chini ya kiwango ambacho chaja inakubali, na chaja inaonyesha taa nyekundu na kukataa. Mtu anayefanya kazi kila siku haoni tatizo hilo. Mtu wa mara moja moja ndiye linalompata, na akienda dukani miaka michache baadaye anaambiwa betri ya modeli ile haiji tena.

Kwa hesabu hiyo waya ungeshinda bila ubishi, kama ufukweni pangekuwa na soketi. Hapo, kwenye mchanga wenye maji na chombo chenye unyevu kila upande, volti 230 ni hatari ya kweli, na drili ya betri inalipia gharama zake zote. Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu: drili iwe ya betri, kwa sababu inafanya kazi kwa vipindi vifupi na ndiyo inayoingia kwenye chombo, grenda iwe ya waya, kwa sababu inakula umeme mfululizo na unaweza kuisubirisha mpaka boti iwe pakavu karibu na nyumba.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Zidisha volti za betri kwa ampea-saa zake, zinazoandikwa Ah. Betri ya volti 18 na Ah 2 ina wati-saa 36. Grenda inayovuta wati 800 kwa nguvu zake zote ingezimaliza ndani ya dakika tatu pungufu. Drili inayotoboa tundu kwa sekunde chache na kupumzika huendelea nazo kwa muda mrefu.

Namba zinazodanganya na zisizodanganya

Volti za betri ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Kila seli ya lithiamu hutoa wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Panga seli tano: wastani ni volti 18, zikijaa ni 21. Mtengenezaji mmoja anaandika 18, wa pili 20, wa tatu 21, na wote watatu wanauza seli tano zilezile. Hali kadhalika 10.8 na 12 ni seli tatu. Usiongeze hata shilingi kwa sababu ya tofauti hiyo.

Juu yake kuna uongo mwingine wenye ujasiri zaidi: vibandiko vya 48VF, 88VF, hata 128VF kwenye betri inayoenea kiganjani. Hizo si volti za kitu chochote. Ipime kwa mita ya umeme, mara nyingi utaona ishirini na kidogo, yaani seli tano kama kawaida. Uongo wa Ah unagunduliwa kwa mkono. Seli ya kawaida ya umbo la 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi na, zikiwa bora kabisa, hubeba Ah 3.5 hivi. Betri yenye safu moja ya seli tano za aina hiyo haiwezi kuwa na Ah 8 hata ikiandikwa kwa dhahabu. Ishike, ulinganishe na nyingine. Nyepesi ni nyepesi.

Wati za drili ya waya nazo ni kile inachovuta ukutani. Kinachofika kwenye biti ni kidogo kuliko hicho, kingine kinageuka joto. Drili mbili za wati 700 zinaweza kutofautiana sana, na tofauti iko kwenye shaba ya mota na gia, vitu ambavyo kibandiko hakivitaji. Hapa pia uzito ni shahidi mzuri. Mota za bei ya chini kabisa wakati mwingine husukwa kwa aluminiamu yenye rangi ya shaba, na mashine inakuwa nyepesi isivyo kawaida.

Kwenye grenda namba inayopasa kusomwa ni ya diski. Diski ya milimita 115 kwa kawaida huruhusiwa mizunguko 13,300 kwa dakika, ya 125 ni 12,200, na ile kubwa ya 230 ni 6,600 tu. Anayevua kinga ya grenda ndogo ili diski kubwa iingie anaizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya kiwango chake, na diski ikipasuka vipande vyake haviulizi njia. Angalia pia pete ya chuma katikati ya diski ya kukatia: pana mwezi na mwaka vilivyogongwa, ndio mwisho wa matumizi. Gundi inayoshika chembe za diski hudhoofika kwa unyevu, na kwa kawaida hupewa miaka mitatu. Diski iliyosahaulika stoo Sudi tangu ulipojenga geti haifai kufungwa kwenye grenda, hata ikionekana mpya.

Umeme unaofika kwenye mashine

Mota za drili na grenda zina feni kwenye mhimili uleule unaozunguka. Mota ikizunguka polepole, feni nayo inapunguza upepo. Umeme ukiwa mdogo, kama unavyokuwa jioni kwa nyumba za mwisho wa laini, mtu huona mashine haina nguvu, anaikandamiza zaidi, mkondo unapanda, upepo unapungua, na armecha inaungua. Lawama anapewa mtengenezaji. Dawa yake ni kuiacha izunguke kwa kasi yake na kuipunguzia mzigo, au kusubiri usiku upite.

Waya wa kurefushia ndio mwizi wa pili. Chukua grenda kubwa ya wati 2,000. Inavuta ampea 8.7 hivi. Mita 50 za waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 zitaipotezea takriban volti 22 njiani. Waya wa 1.5 utapoteza kama 11, wa 2.5 kama 7. Ikiwa nyumbani tayari una 205 badala ya 230, waya mwembamba unaipelekea mota 183. Nunua waya mmoja mnene na mfupi kadiri inavyowezekana, uukunjue wote unapoutumia. Uliozungushwa kwenye gurudumu lake huhifadhi joto mpaka plastiki inayeyuka.

Jenereta ndogo ya wati 700 au 800 inaendesha drili, lakini grenda kubwa itaizima inapoanza, kwa sababu mota ikianza huvuta zaidi ya kilichoandikwa. Inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi safi ni sawa kwa drili ya kaboni isiyo na madoido. Chaja za betri na mashine zenye kielektroniki cha kudhibiti kasi zinaweza kupata joto au kuharibika.

Karibu na maji, waya upite kwenye swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, yenye alama ya 30 mA. Fyuzi na breka ya kawaida hulinda nyaya zisiungue, hazikulindi wewe. Na mashine iwe na alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake ina kinga mbili za ndani. Hata hivyo alama hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mashine iliyolowa maji ya bahari.

Petroli nayo iangaliwe. Kaboni hutoa cheche kila mota inapozunguka, unaweza kuziona kwenye matundu ya hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ya boti palepale unapopiga magoti kutoboa. Shusha tangi, toa mpira wa mafuta, acha upepo upite ndani kwa muda mzuri ndipo uwashe kitu chochote chenye kaboni.

Jina, mtumba na feki

Makita, Bosch, DeWalt na Hikoki, iliyojulikana kama Hitachi mpaka 2018, zina sifa wanazostahili. Bosch hutenganisha hata kwa rangi: buluu ni ya mafundi, kijani ni ya watu wa nyumbani. Lakini ndizo pia zinazoigwa. Mtu akikwambia "kaka, hii Makita orijino" kwa bei ya nusu, umeuziwa jina. Drili ya Total au Ingco iliyo halali ni bora mara nyingi kuliko jina kubwa la bandia, na kwa kazi za saa kumi kwa mwaka inatosha kabisa. Risiti ya EFD ndiyo itakayokufaa ukihitaji kurudisha, na bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Mtumba una hazina zake. Grenda ya miaka ishirini kutoka Ulaya, yenye mwili wa gia wa chuma, inaweza kukuzika. Ila soma bamba lake kabla ya kuishika vizuri. Vifaa vingi vya ujenzi vya Uingereza ni vya volti 110, plagi zake za asili huwa za njano na za duara. Vya Japani ni 100, vya Marekani 120. Kwa sababu mtu ameshakata plagi na kuweka ya pini tatu, plagi haithibitishi kitu. Ukichomeka ya 110 kwenye 230, itazunguka kwa kelele kubwa ya ajabu kwa sekunde chache, kisha moshi. Namba za Hz hazina shida kwenye mota za kaboni, zinakubali 50 na 60.

Kisha jiulize spea zinatoka wapi. Kwa sisi wa kusini jibu mara nyingi ni Kariakoo, parseli ya basi, zaidi ya kilomita 500 za barabara ya Kibiti na Lindi. Barabara hiyo ilikatika Mei 2024 eneo la Somanga baada ya mvua za kimbunga Hidaya, na mizigo ikasimama. Jina ambalo kaboni zake, swichi zake na betri zake zipo Mtwara mjini lina thamani kuliko jina lililo bora kidogo ambalo spea zake ziko Dar es Salaam pekee.

Chumvi

Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Mashine iliyorushiwa mawimbi asubuhi ikakauka mchana bado ina chumvi ndani ya matundu yake, na kila usiku inalowana tena kidogo. Swichi ndiyo hufa kwanza, kisha beringi. Ukirudi nyumbani, ichomoe au toa betri, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo ya chumvi na kukamuliwa, puliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, iache ndani ya chumba mpaka kesho yake. Mafuta kidogo yapakwe kwenye vyuma vya nje, yaani kishikio cha biti, biti zenyewe na mhimili wa grenda. Usinyunyize mafuta kwenye matundu ya mota: yakichanganyika na vumbi la kaboni yanakuwa tope linalopitisha umeme.

Sanduku la plastiki linalofungwa vizuri ni zuri tu kwa mashine iliyokauka. Ukiifungia mbichi umeifungia na unyevu wake. Usihifadhi kitu ndani ya boti. Betri iwekwe ikiwa na nusu ya chaji, chumbani penye kivuli, mbali na bati, na uiangalie kila baada ya miezi miwili mitatu. Wengine hufunga tarehe hiyo na siku ya kununua LUKU. Njia yoyote inafaa mradi isisahaulike.

Boti za faiba zina jambo la ziada: chembe za chuma kutoka kwenye grenda zikiruka juu ya faiba nyeupe huganda, na baada ya umande mmoja unaona madoa mekundu yasiyotoka kwa sabuni. Kata vyuma vyako mbali na boti, upande ambao upepo hauielekei.

Kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji aichomeke. Muuzaji wa mashine nzuri hakatai. Bonyeza swichi kidogo kidogo uone kama kasi inapanda kwa utaratibu. Tazama kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za buluu ni za kawaida, pete ya moto inayozunguka armecha si ya kawaida. Zima, shika kishikio cha biti ukitikise huku na huku. Kikicheza kama jino bovu, beringi imechoka au haikuwahi kuwa nzima. Weka biti ndefu iliyonyooka, washa taratibu, angalia ncha: ikichora duara kubwa, matundu yako yatakuwa mapana. Angalia ubavuni kama kuna vifuniko viwili vya duara vya plastiki vyenye mfereji wa bisibisi. Hivyo ndivyo vya kaboni, na mashine iliyo navyo inabadilishwa kaboni kwa dakika tano bila kufunguliwa. Isiyo navyo itafunguliwa yote. Mota zisizo na kaboni kabisa, ambazo drili nyingi mpya za betri zinazo, hazina shida hiyo. Hizo zikifa, kwa kawaida ni ubao wake wa kielektroniki, na fundi wa mtaani hana cha kukusaidia.

Kwa grenda, kinga iwepo, mpini wa pembeni uwepo, na swichi iwe ile inayozima ukiiachia. Swichi inayojifunga yenyewe ni nzuri kwa fundi anayekata nondo kutwa. Kwa mtu anayeishika mara mbili kwa mwaka akiwa juu ya ngazi, siipendi.

Bei ya kaboni ni ndogo sana ukilinganisha na mashine, kwa hiyo nunua jozi siku hiyohiyo, zikiwa za namba inayolingana, na zibadilishwe zote mbili kwa pamoja zikifupika mpaka milimita tano hivi. Zifunge kwenye nailoni, uziweke ndani ya sanduku pamoja na risiti. Kisha andika namba ya modeli kwa kalamu ya maki kwenye kifuniko. Kibandiko cha mashine hufutika kwa jasho na mafuta kabla kaboni za kwanza hazijaisha, na ukimpigia muuza spea wa Kariakoo simu kumwambia unataka za "ile drili ya buluu, ya ukubwa wa kati", atakujibu kwa adabu kwamba zimeisha.